Maradhi ya Kichwa Maji na Homa Inayoyatangulia

Katika vijiji vya Pemba, kama ilivyo mahali pengi pa mwambao, mtoto ambaye kichwa chake kinakua kupita kiasi hujulikana na kila mtu, lakini aghalabu hujulikana kwa kuchelewa. Maradhi yenyewe huitwa kichwa maji, na jina hilo ni sahihi kuliko wanavyodhani wengi wanaolitamka, kwani kilichojaa humo ni maji kweli. Lisilojulikana sana ni kwamba kwa watoto wengi wa Afrika ya Mashariki kichwa hicho hakikuanza kukua chenyewe. Kilitanguliwa na homa. Homa hiyo huja katika wiki za mwanzo za maisha, ikapoa, watu wakashukuru na kuisahau. Kisha, baada ya wiki kadhaa au miezi, kofia ya mtoto ikaanza kukataa kuingia. Kwa kuwa mambo hayo mawili hutenganishwa na muda, watu huyahesabu kuwa ni misiba miwili mbalimbali, hali ni msiba mmoja wenye sehemu mbili.

Maelezo haya yamepewa nafasi katika jarida la ushirika kwa sababu iliyo wazi. Mzazi anapoambiwa kwamba mtoto wake apelekwe Unguja, mlango wa kwanza au wa pili anaoupigia hodi ni wa Katibu wa chama chake, naye Katibu huombwa mambo mawili: nauli na ushauri. La nauli atalitafuta katika vitabu vyake vya hesabu. La ushauri haifai kulijibu kwa kubahatisha.

Maji hayo hutoka wapi

Ubongo wa kila mtu, mzima na mgonjwa, una maji. Ndani yake mna vyumba vinne vidogo, na ndani ya vyumba hivyo mna vishada vya mishipa myembamba ya damu ambavyo hutengeneza maji meupe, safi kama ya kisima, usiku na mchana. Mtu mzima hutengeneza kiasi cha nusu lita kwa siku, ingawa kwa wakati mmoja maji yaliyomo kichwani na katika uti wa mgongo hayazidi sana mililita 150. Maana yake ni kwamba maji hayo hubadilishwa mara tatu au zaidi kila siku. Hutoka chumba kimoja kwenda kingine kwa kupitia vijia vyembamba, kisha hutoka nje ya ubongo, huuzunguka na kuukinga na mishtuko, na mwisho hunywewa na mishipa ya damu.

Mkulima wa mpunga katika mabonde ya Pemba hahitaji kuelezwa kwa urefu kitakachotokea kijia kimoja kikiziba. Maji ya juu hayasiti kuja kwa sababu mlango wa chini umefungwa. Vyumba vya ubongo hujaa, hutanuka, na nyama ya ubongo iliyovizunguka husukumwa nje na kubanwa kwenye fupa la kichwa hata ikawa nyembamba. Kwa mtoto mchanga mifupa ya kichwa haijashikana bado, kwa hivyo kichwa hutanuka pamoja na vyumba. Kwa mtoto mkubwa na mtu mzima fupa limekwisha funga. Kichwa hakiongezeki hata kidogo, bali msukumo wote huelekea ndani, na mgonjwa hupatwa na maumivu makali ya kichwa, hasa asubuhi, kutapika, kuona vibaya, kuyumba katika mwendo, na hatimaye usingizi usioamshika.

Kuziba huko kuna sababu nyingi. Watoto wengine huzaliwa nako. Wengine huzaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo ambao haukufunikwa vyema tumboni mwa mama, na wengi wa watoto hao hupata kichwa maji pia. Uvimbe ndani ya ubongo huweza kuziba njia, na damu inayovuja katika ubongo wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huweza kufanya hivyo hivyo. Lakini sababu inayostahili kuangaliwa zaidi katika nchi zetu ni maambukizo. Vijidudu vinapoingia katika tando zinazofunika ubongo, maradhi ambayo watu huyaita homa ya uti wa mgongo, au vinapoingia katika vyumba vyenyewe, mwili hupigana navyo, na mahali pa mapigano hubaki usaha na makovu. Kovu katika mguu wa mtu mzima si kitu. Kovu katika kijia chembamba cha ubongo wa mtoto wa wiki mbili ni bwawa lililojengwa.

Yaliyoonekana Mbale

Ushahidi mkubwa wa jambo hili umetoka kwa jirani zetu wa Uganda. Katika mji wa Mbale, chini ya Mlima Elgon, ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 hospitali ya watoto iitwayo CURE, na daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Benjamin Warf, alifanya kazi huko kwa miaka kadhaa. Watoto wenye kichwa maji walimjia kwa wingi ambao hakuutazamia. Katika mwaka wa 2005 alichapisha taarifa ya watoto 300 aliowatibu. Kwa watoto 60 katika kila 100, maradhi yalitokana na maambukizo yaliyotangulia, na kwa hao walioambukizwa, karibu robo tatu waliugua katika mwezi wa kwanza wa maisha yao. Katika nchi za Ulaya na Marekani mambo hayako hivyo. Huko wengi wa wagonjwa ni waliozaliwa na kasoro au waliovuja damu kwa kuzaliwa mapema.

Swali lililofuata lilikuwa: ni kijidudu gani? Lilichukua miaka mingi. Maji ya ubongo yalipopimwa kwa njia za kawaida za maabara, aghalabu hakuna kilichoota. Ni katika mwaka wa 2020 ambapo kundi la watafiti, likiongozwa na wataalamu wa Uganda na Marekani, lilitangaza kwamba kwa kutumia njia mpya za kutambua chembe za urithi za vijidudu lilikuta katika wengi wa watoto hao bakteria wa jamii ya Paenibacillus, ambao hapo kabla hawakudhaniwa kuwa na madhara makubwa kwa binadamu. Watafiti hao pia walikuwa wamekwisha ona kwamba wingi wa wagonjwa huenda na majira ya mvua. Bakteria wa jamii hiyo huishi udongoni na majini. Matokeo ya Mbale ni ya Mbale, na si lazima kijidudu cha huko kiwe ndicho cha Pemba, lakini njia ya maradhi ni ile ile: mtoto mchanga, uchafu usioonekana kwa macho, homa, makovu, maji.

Homa isiyofanana na homa

Mtoto wa siku kumi mwenye maambukizo ya ubongo haugui kama mtu mzima, na hapa ndipo wazazi wengi hudanganyika. Mtu mzima mwenye homa ya uti wa mgongo hupata joto kali, kichwa kumuuma kama kinachopasuka, shingo kukakamaa, kuchukia mwangaza, kutapika na kuchanganyikiwa. Mtoto mchanga huweza kukosa dalili hizo zote. Shingo yake mara nyingi hailegei wala haikakamai kwa namna ya kuonekana. Mwili wake huweza kuwa baridi badala ya kuwa na joto, na baridi hiyo ni dalili mbaya kama joto. Kinachoonekana ni kwamba anakataa ziwa aliloligombania jana, anakuwa mlegevu, analia kilio chembamba kisicho cha kawaida au halii kabisa, anapumua haraka, utosi wake umevimba, au mkono mmoja na jicho moja vinachezacheza. Kuchezacheza huko ni degedege ya mtoto mchanga. Haitishi kama degedege ya mtoto wa miaka miwili, ndiyo maana hupuuzwa.

Jambo jingine limeongezeka katika Zanzibar tangu malaria ilipopungua. Zamani kila homa yenye degedege ilihesabiwa kuwa malaria, na mara nyingi ilikuwa hivyo. Dawa mpya za mseto zilipoanza kutumika katika mwaka wa 2003, na baadaye vyandarua na upigaji dawa majumbani, malaria ilishuka sana Unguja na Pemba, ingawa haijakwisha na mara kwa mara hulipuka tena. Mzazi akiambiwa kwamba kipimo cha damu hakionyeshi malaria, asirudi nyumbani kwa furaha mtoto angali mlegevu. Jibu hilo lina maana kwamba sababu nyingine haijatafutwa.

Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye dalili yoyote katika hizo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku, hata ikiwa kesho ni siku ya kupima karafuu. Dua isomwe, hakuna anayeikataza, isomwe njiani. Dawa za maambukizo ya ubongo hutolewa kwa sindano katika mshipa, na kwa mtoto mchanga huendelea kwa siku 14 hadi 21. Muda huo ni mrefu kwa mama aliyeacha watoto wengine nyumbani. Homa huweza kushuka siku ya tatu, mtoto akanyonya, na mama akaomba ruhusa ya kuondoka, hasa katika msimu wa kuchuma karafuu au bamvua za mwani, ambapo kila siku ina bei yake. Vijidudu vilivyobaki ndani ya vyumba vya ubongo havina haraka. Katika mambo yote yaliyomo katika makala haya, kukatiza sindano kabla ya wakati ndilo kosa linaloweza kuzuiwa na jirani, kwa kwenda tu kumshikia mama shughuli zake za nyumbani kwa wiki mbili.

Hofu ya sindano ya mgongo

Ili kujua kama maambukizo yamefika kwenye ubongo, daktari huhitaji kuvuta maji kidogo ya mgongo. Wazazi wengi hukataa. Husemwa kwamba aliyevutwa maji ya mgongo hupooza au hufa, na husemwa hivyo kwa sababu kweli wapo waliovutwa wakafa. Lakini walikuwa na homa ya uti wa mgongo, na homa ndiyo iliyowaua. Kamba ya mishipa ya fahamu haifiki mwisho wa mgongo. Huishia sehemu ya juu ya kiuno, na sindano hupigwa chini ya hapo, mahali ambapo hapana kamba ila maji na nyuzi zinazoelea. Maji yanayotoka yakiwa meupe na safi, ni habari njema kwa jumla. Yakiwa na ukungu kama maji ya tui, daktari hajahitaji hata kusubiri maabara ili aanze matibabu. Mzazi anayekataa kipimo hicho humlazimisha daktari kutibu kwa kukisia.

Kinga

Baadhi ya homa hizi zina chanjo. Bakteria aitwaye Hib ndiye aliyekuwa miongoni mwa wauaji wakubwa wa watoto kwa homa ya uti wa mgongo. Kenya ilianza kuchanja dhidi yake katika mwaka wa 2001, na huko Kilifi, katika mwambao huu huu, maradhi yake kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalipungua kwa takriban sehemu 88 katika 100 ndani ya miaka michache. Tanzania ilifuata katika mwaka wa 2009 kwa chanjo moja yenye kinga tano, na chanjo ya nimonia, ambayo pia huzuia aina kadhaa za homa ya uti wa mgongo, ilianza kutolewa mwanzoni mwa 2013. Chanjo ya kifua kikuu anayopigwa mtoto begani baada ya kuzaliwa humkinga hasa na kifua kikuu cha ubongo, ambacho ni kibaya mno na huacha kichwa maji mara nyingi.

Hata hivyo, chanjo ya kinga tano huanza mtoto akiwa na wiki sita. Wiki sita za kwanza, ambazo Mbale ilionyesha kuwa ndizo za hatari kubwa, hazina ukuta huo. Kinga yake ni usafi wa kuzalishia, mikono iliyooshwa kwa sabuni, maziwa ya mama peke yake, na kitovu.

Kuhusu kitovu, Pemba yenyewe imechangia elimu ya dunia nzima. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi, Chake Chake, iliyofunguliwa mwaka wa 2000, ilishiriki katika utafiti uliowafuatilia watoto wachanga zaidi ya 36,000 wa kisiwa hiki. Wengine walipakwa kitovuni dawa ya kuua vijidudu iitwayo kloheksidini. Wengine waliachwa kitovu kikavu na safi. Matokeo yalichapishwa katika mwaka wa 2016. Vifo vilikuwa kama 10 na nusu katika kila watoto 1,000 waliopakwa dawa na karibu 12 katika kila 1,000 wa kitovu kikavu, tofauti ambayo ni ndogo mno kuweza kusemwa kuwa imeletwa na dawa. Kwa mama wa Pemba maana yake ni nyepesi na haina gharama: kitovu kiachwe kikavu na kisafi. Majivu, vumbi, mate na mafuta, ambayo hupakwa mahali pengi pa Afrika ya Mashariki kwa nia njema, havina kazi hapo.

Upande wa mgongo wazi kuna kinga pia, nayo ni vitamini iitwayo foliki, ambayo inafaa kutumiwa na mwanamke kabla ya kushika mimba, kwa kuwa mgongo wa mtoto hufunga katika wiki nne za mwanzo, wakati ambapo wengi hawajajua kwamba wana mimba. Aliyekwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo amwone daktari mapema, kwani kiasi anachohitaji ni kikubwa zaidi. Wala asilaumiwe. Katika baadhi ya majumba mama wa mtoto mwenye kichwa maji huulizwa alikanyaga nini, alimkosea nani. Maswali hayo hayajapata kumponya mtoto hata mmoja.

Utepe wa sentimita

Kifaa cha kutambua kichwa maji mapema ni utepe wa fundi cherehani. Hupitishwa juu ya nyusi na nyuma mahali ambapo kichwa kimejitokeza zaidi, na kipimo kikubwa ndicho kinachoandikwa. Mtoto aliyetimia miezi tisa huzaliwa na mzunguko wa sentimita 33 hadi 37. Katika miezi mitatu ya kwanza kichwa huongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi, katika mitatu inayofuata sentimita 1, na baada ya hapo nusu sentimita mpaka mwaka utimie. Kipimo kimoja hakisemi mengi, kwa kuwa wapo watu wa ukoo wenye vichwa vikubwa na akili zao timamu. Kinachosema ni mwendo. Kichwa kilichoongezeka sentimita 4 au 5 katika mwezi mmoja hakifuati ukoo wowote. Zitazamwe pia mishipa ya kichwa iliyotuna, utosi uliovimba hata mtoto akiwa amekaa na ametulia, na macho yanayoelekea chini hata weupe ukaonekana juu ya mboni, kama jua linalozama.

Ni busara kwamba mtoto yeyote aliyelazwa kwa homa ya uti wa mgongo apimwe kichwa kila wiki mbili kwa miezi sita baada ya kutoka hospitali, na vipimo viandikwe katika kadi yake ya kliniki pamoja na tarehe. Mama anaweza kufanya hivyo mwenyewe.

Matibabu yalivyo

Hakuna dawa ya kumeza inayoyakausha maji haya. Hufunguliwa njia, na njia ziko mbili. Ya kwanza ni mrija mwembamba wenye kizibo maalumu, ambao huanzia katika chumba cha ubongo, hupita chini ya ngozi ya shingo na kifua, na kumwaga maji tumboni ambako hunywewa na mwili. Kizibo hicho kina historia ya kupendeza kwa watu wa kazi za mikono. Katika miaka ya 1950 huko Philadelphia, Marekani, fundi wa kiwanda aitwaye John Holter alikuwa na mtoto mwenye mgongo wazi na kichwa maji. Mirija ya wakati ule ilirudisha damu nyuma na kuziba. Holter, ambaye hakuwa daktari, alirudi nyumbani akatengeneza kizibo kinachopitisha maji upande mmoja tu, na kuanzia mwaka wa 1956 watoto wengi duniani walitibiwa kwa kizibo chake.

Bei ya mrija imepata kuwa kikwazo kikubwa. Hapa tena Mbale ilifanya kazi yenye faida kwa maskini: Warf alilinganisha mrija uliotengenezwa India, uliogharimu dola 35 wakati ule, na wa Marekani uliogharimu dola 650, kwa watoto 195, na baada ya mwaka mmoja hakuona tofauti ya maana kati yao. Mwanachama wa ushirika anayejua kununua pembejeo ataelewa uzito wa habari hiyo.

Njia ya pili haitumii mrija. Daktari huingiza kifaa chembamba chenye taa na kioo katika vyumba vya ubongo na kutoboa tundu katika sakafu ya chumba cha tatu, ili maji yapate mlango mwingine. Kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja, Warf aliongeza kuviunguza vishada vinavyotengeneza maji, na waliofanikiwa wakapanda kutoka 47 hadi 66 katika kila 100. Jaribio la watoto 100 lililofanyika Mbale na kuchapishwa mwaka wa 2017 lilionyesha kwamba maendeleo ya akili ya watoto baada ya mwaka mmoja hayakutofautiana sana baina ya njia mbili hizo. Uchaguzi ni wa daktari, na faida ya tundu ni kwamba hakuna kitu kilichobaki mwilini ambacho kitaziba mtoto akiwa mbali na hospitali.

Kwa maana mirija huziba. Hata katika hospitali za nchi tajiri, mirija mitatu hadi minne katika kila kumi inayowekwa kwa watoto huharibika katika mwaka wa kwanza. Mzazi aliyeambiwa kwamba mtoto amepona, akarudi Pemba bila ya kuelezwa hayo, huona kutapika na usingizi mzito akadhani ni tumbo. Mtoto mwenye mrija akitapika mara kwa mara, akilala kupita kawaida, akivimba utosi au akipata homa katika miezi ya mwanzo baada ya upasuaji, arudishwe hospitali bila ya kungoja.

Ifahamike kwamba upasuaji huzuia uharibifu usiendelee. Haurudishi kilichokwisha haribika. Mtoto aliyefikishwa mapema huweza kukaa, kutembea na kwenda skuli pamoja na wenzake. Aliyefikishwa baada ya miezi minane huweza kupona uhai na kubaki na upofu au ulemavu mwingine.

Safari ya Unguja

Pemba ina hospitali Wete, Chake Chake, Micheweni na Mkoani, na Hospitali ya Abdalla Mzee ya Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka wa 2016. Upasuaji wa ubongo kwa Zanzibar ulipata kituo chake Unguja katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, kilichojengwa kwa msaada wa taasisi ya NED ya Hispania na kufunguliwa mwaka wa 2014. Kabla ya hapo tumaini la wengi lilikuwa Muhimbili, Dar es Salaam. Kwa hivyo mtoto wa kijiji kilicho kaskazini ya Micheweni huhitaji gari ya kushuka karibu urefu wote wa kisiwa, kilomita zipatazo 67, kisha meli, kisha mahali pa kulala mama yake Unguja kwa muda usiojulikana. Kinachomshinda mzazi mara nyingi ni hayo, zaidi ya gharama ya upasuaji. Husubiri mpaka karafuu zikauke. Karafuu hukauka kwa siku chache, lakini zikisubiriwa kuchumwa, kubanjuliwa, kuanikwa, kupimwa na kulipwa, mwezi mzima umepita, na kichwa kimeongezeka.

Vyama vyenye mfuko wa dharura havina budi kutazama kanuni zao kabla ya jambo kutokea. Matumizi ya ziada ya chama huamuliwa na mkutano mkuu, na Katibu anayetoa fedha bila ya idhini, hata kwa huruma, hujitia katika matatizo na kukitia chama katika ugomvi. Mkutano mkuu unaweza kupitisha mapema kiwango maalumu cha nauli ya mgonjwa wa rufaa na msindikizaji mmoja, kitolewe kwa kuonyesha barua ya daktari na saini za watu wawili wa kamati, na kirejeshwe kwa makato madogo katika mauzo ya msimu. Chama kidogo kisichoweza peke yake kinaweza kuungana na jirani zake wa shehia moja. Kiwango hicho kikiwa kimekwisha pitishwa, fedha hutoka siku ile ile barua inapoletwa.

Mzazi anayesafiri achukue kadi ya kliniki yenye vipimo vya kichwa na tarehe zake, barua ya rufaa, na karatasi ya dawa zote alizopigwa mtoto tangu homa ya kwanza, kwa kuwa daktari wa Unguja ataanza kwa kuuliza homa hiyo ilikuwa lini, na ilitibiwa kwa siku ngapi.